Kuzoeza mkono baada ya kiharusi: roboti, kamera na maembe ya kwenye skrini

Roboti haiponyi mkono. Inarudia mwendo mmoja mara mamia bila kuchoka, basi. Tena tusiitukuze: jaribio la RATULS la Uingereza (2019, wagonjwa 770) halikuona roboti ikishinda matunzo ya kawaida katika kurudisha matumizi ya mkono. Kituo cha Bukavu chenye kompyuta na kamera tu kianze na mchezo: mgonjwa anajiona kwenye skrini, maembe ya kuchorwa yanatokea mbele yake, anayafuata kwa mkono.

Pima presha, ikizidi 180/110, ahirisha. Mketishe kwenye kiti kisicho na magurudumu, nyayo chini, meza usawa wa kiwiko. Kisha mfunge kifua kwenye egemeo kwa kitenge, bila kumbana pumzi. Wengi huiruka hatua hii. Asiyefungwa huinama kiwiliwili kizima: embe linaguswa, pointi zinapanda, na kiwiko hakijanyooka hata kidogo.

Kiganja kikae juu ya kitambaa kinachoteleza. Dirisha liwe nyuma ya kamera, si nyuma ya mgonjwa. Programu inayofuata rangi hupotezwa na kitenge cha maua, kwa hiyo tandika shuka la rangi moja na umfunge utepe wa rangi nyingine kwenye kifundo cha mkono.

Aunyooshe mkono mwenyewe, weka alama alipofika. Embe la kwanza liwe sentimita 2 mbele ya hapo. Akipata 9 kati ya 10, lisogeze. Akipata chini ya 6, lirudishe. Asiyetambua vya upande wa kushoto, anzia kulia. Nusu saa inatosha, na pumziko kila dakika 5.

Roboti ikiwepo, chagua msaada unaokuja akikwama tu. Ukizidi, mkono hulala na mashine inacheza peke yake. Mwendo uwe wa polepole, maana misuli iliyokakamaa ikivutwa ghafla hukaza zaidi. Mkono usivuke usawa wa bega, na bega likiuma, simamisha. Weka betri ya akiba: umeme ukikatika (na Bukavu unakatika), mkono ulioning'inizwa huanguka na kuvuta bega legevu.

Dakika 10 za mwisho, zima skrini. Ahamishe vifuniko vya chupa kutoka beseni moja hadi jingine kwa sekunde 60. Idadi hiyo ndiyo ya kuandika daftarini, si pointi za mchezo.