Jinsi ya kuanza kusoma falsafa ya dini bila kupotea njiani

Mpwa wangu alinipigia simu usiku: "Mjomba, nimesoma kurasa arobaini na sijashika kitu." Tulikaa naye jioni nne mfululizo. Ninaandika njia tuliyopita, kwa sababu mimi nilipoianza sikuwa na wa kunionyesha.

Hatua ya 1. Chagua swali. Usianze na historia nzima ya falsafa, itakuchosha kabla hujaonja utamu wake. Sisi tulichagua hili: je, kuwepo kwa ulimwengu kunaonyesha kwamba Mungu yupo?

Hatua ya 2. Nunua daftari la karatasi. Midahalo ya video iache kwa sasa, maana msemaji hodari hukuvusha juu ya shimo bila wewe kuliona. Kalamu hukulazimisha uchungulie.

Hatua ya 3. Andika hoja kwa Kiswahili chako, kila dai mstari wake. Tulianza na al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111:

Kila kilichoanza kuwepo kina sababu.
Ulimwengu ulianza kuwepo.
Basi ulimwengu una sababu.

Sasa uliza maswali mawili, na usiyachanganye. Je, mstari wa tatu unatoka kweli katika ile miwili? Je, ile miwili yenyewe ni kweli? Hoja inaweza kufungamana vizuri na bado ikawa na dai bovu ndani yake. Vilevile unaweza kulikubali hitimisho kwa moyo wako wote na ukaiona hoja hii haitoshi. Wanaohofia kwamba somo hili litawavunjia imani wakumbuke kwamba al-Ghazali alikuwa mwanazuoni wa dini, na Thomas Aquinas, tutakayekutana naye hapo chini, alikuwa mtawa wa Kikatoliki.

Hatua ya 4. Hapa nenda polepole, kwani ndipo nilipopoteza wiki mbili nzima. Utamkuta Aquinas, wa karne ya 13, naye anazungumzia sababu ya kwanza, na utadhani anarudia maneno ya al-Ghazali. Sivyo. Aquinas alishikilia kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kuwa ulimwengu ulikuwa na mwanzo. Hilo alilipokea kwa imani. Hoja yake inasimama hata kama ulimwengu ungekuwepo tangu milele.

Inawezekanaje? Kiswahili chetu kinatutega hapa, kwa sababu tukisikia "ya kwanza" tunafikiria wakati. Nilichora picha mbili daftarini. Ya kwanza: babu alimzaa baba, baba akamzaa mtoto. Babu akifa, baba bado anaweza kuzaa; hamtegemei tena. Ya pili: ndoo inaning'inia kisimani, imeshikwa na kamba, kamba imeshikwa na mkono. Mkono ukiachia sasa hivi, ndoo inaanguka sasa hivi. Urefushe kamba upendavyo, bila kitu cha kuishikilia ndoo haining'inii. Aquinas anazungumzia kamba, si ukoo. Mpwa wangu alifuta "sababu ya kwanza" akaandika "sababu isiyotegemea nyingine", na ukurasa uliomshinda siku tatu akaumaliza kabla chai haijapoa.

Tahadhari: picha ya ndoo inafafanua hoja, haiithibitishi. Bado inabidi uulize kama ulimwengu kweli unaning'inia hivyo, na kama kinachoushikilia ndicho Mungu anayeombwa. Usiharakishe maswali hayo.

Hatua ya 5. Msome mpinzani kwa maneno yake mwenyewe. Ibn Rushd, mwanafalsafa wa Kiislamu, alimjibu al-Ghazali kwa kitabu kizima. Kitabu cha mazungumzo kuhusu dini cha mwanafalsafa Mskoti David Hume, kilichochapishwa mwaka 1779, baada ya kifo chake, kina wahusika watatu wanaobishana, kwa hiyo kinasomeka kwa urahisi. Ukikwama, ensaiklopidia ya falsafa iitwayo Stanford Encyclopedia of Philosophy inapatikana bure mtandaoni, lakini ifungue baada ya kujaribu mwenyewe.

Hatua ya 6. Njoo nyumbani. Mwanatheolojia Mkenya John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alitumia maneno ya Kiswahili "sasa" na "zamani" kueleza wakati katika fikra za Kiafrika, akidai kwamba wakati ujao wa mbali karibu haupo. Ushahidi wake wa lugha aliutoa katika Kikamba na Kikuyu. Andika dai hilo daftarini, kisha andika chini yake: kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo. Je, maneno haya yanampinga, au yanamuunga mkono kwa kuwa yanaishia siku chache tu mbele? Mpwa wangu ameshajaza kurasa tatu, na bado anaandika.