Hesabu Viroba Kabla ya Kuuliza Bei

Nilikuwa karani wa mgao kwenye duara moja, yaani shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, huko Nyarugusu, Geita. Kazi yangu ni kuhesabu viroba vya mawe yanayotoka shimoni, kisha tunagawana: vya mwenye leseni, vya mwenye duara, vya wachimbaji. Asubuhi moja nilikuta michirizi ya viroba vilivyoburutwa juu ya kifusi chenye umande, inaelekea kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Vilivyobaki tuligawa sawasawa, hakuna aliyelalamika. Mawe yenye dhahabu yalikuwa yameshaondoka usiku.

Siku hizi vijana wananiletea simu zao wakiuliza kama wanunue sarafu fulani mpya ya mtandaoni. Ninaikagua hivi.

Tafuta tarehe mbili: siku watu walipotangaziwa, na siku bloku ya kwanza ilipochimbwa. Bloku ni fungu la kumbukumbu za miamala; kompyuta inayolikamilisha hulipwa sarafu mpya, na huko ndiko kuchimba. Andiko la Bitcoin lilitoka 31 Oktoba 2008, bloku ya kwanza ni ya 3 Januari 2009, na programu ikawekwa wazi siku chache baadaye. Waliosikia walikuwa wachache, na kama kwenye rashi yoyote, watu wanapokimbilia dhahabu mpya, anayewahi ndiye anayeshika penye mwamba. Lakini tangazo lilitangulia jembe. Mkikuta jembe limetangulia tangazo, simameni hapo hapo.

Kisha fungua tovuti inayoonyesha bloku za sarafu hiyo, rudi mwanzo kabisa, uone ilianza na ngapi. Ethereum ilipowashwa Julai 2015 ilikuwa tayari na sarafu kama milioni 72: milioni 60 za walionunua mwaka 2014, milioni 12 za taasisi yake na waliotangulia kuijenga. Huo siuiti wizi, maana fungu lilitajwa mapema, kama mwenye duara anayetaja viroba vyake kabla watu hawajashuka shimoni. Litecoin, mwaka 2011, ilianza na 150 tu.

Wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo wanapoibiwa. Sarafu inaweza kuanza na sifuri halafu ikamwagika usiku wa kwanza. Dash, iliyoanza Januari 2014 kwa jina la XCoin, ilitoa karibu milioni 2 ndani ya siku mbili. Waanzilishi walisema ni kosa la programu. Chukua kalamu: sarafu za saa 48 za kwanza, gawa kwa zote zilizopo leo. Kwa Dash unapata karibu moja ya sita. Iwe kosa au kusudi, viroba vimeshatoka, na wewe unayenunua leo unagawana kilichobaki.

Mwisho, uliza fungu la waanzilishi liko kwenye pochi gani ya mtandaoni, na ni lini wanaruhusiwa kuliuza. Zcash, mwaka 2016, iliandika wazi kwamba asilimia 20 ya kila bloku ni ya waanzilishi kwa miaka minne. Unaweza kukubali au kukataa, lakini umeona. Kijana asiponionyesha maandishi ya namna hiyo, namrudishia simu yake.