Hela ya meza ya programu huria: omba kabla hujatumia

Jamani mnaojitolea kuweka meza ya kuonyesha programu huria kama Linux au Python kwenye matamasha ya vyuo, msitoe hela mfukoni mkitegemea kurudishiwa baadaye, ombeni kwanza. Debian kwa mfano, mradi unaotengeneza aina mojawapo ya Linux, wanarudisha gharama ila kiongozi wa mradi awe ameikubali kabla hujaitumia. Python Software Foundation, taasisi inayosimamia lugha ya kompyuta ya Python, nao wametoa ruzuku kwa warsha nyingi za jamii, ila mwaka 2025 walisimamisha maombi mapya bajeti ilipofika kikomo, kwa hiyo cheki kama dirisha liko wazi ndo mpange tarehe.

Kwenye bajeti anzeni na nauli na msosi wa watu wenu, tena msione aibu kabisa, maana mtu amesimama pale toka asubuhi anaelezea watu jinsi ya kuweka Linux kwenye laptop kuukuu halafu jioni anarudi kwao kwa hela yake, mwakani haji. Bango la kusimama chapisheni bila tarehe ili litumike tena. Stika ndo zinaisha haraka kuliko vyote.

Na risiti za EFD zile karatasi zinafifia vibaya sana, mimi nilikaa na zangu wiki kadhaa kwenye pochi zikabaki nyeupe, hela ikaenda. Piga picha palepale dukani, mtumie mwenzako mmoja pia. Halafu wekeni kikopo cha michango mezani, hata FOSDEM, mkutano wa programu huria kule Brussels, miradi inauza tisheti na kupokea michango hivyohivyo.