Mgeni anakwenda Unguja wikiendi? Mwandikie saa kwa namna zote mbili

Nyinyi mlio na wageni wa kujitolea huku Pemba, wale wanaosomesha skuli au kusaidia hospitali, naomba mzingatie jambo moja kabla hawajashuka Mkoani kupanda boti ya Unguja: saa.

Sisi tulimwambia binti yetu wa Ujerumani, "Boti inaondoka saa moja asubuhi." Mama ndiye kamwambia, kwa Kiswahili safi, na binti kaitikia vizuri. Usiku wa manane tukasikia mlango. Binti kasimama kizani, begi mgongoni, viatu kashafunga. Kwake yeye saa moja ni saa saba yetu ya usiku. Masikini, hata hakulala! Na bora hivyo. Angesikia saa saba mchana, boti ingemwacha.

Siku hizi namwandikia mgeni kikaratasi: "saa 1 asubuhi = 7:00". Cha kurudi pia, maana ndicho kinachosahauliwa. Halafu tunaulizia siku ya kurudi kabla ya kulipa tiketi ya kwenda, boti za Pemba si nyingi kama za Dar.

Pasipoti achukue ile yenyewe, si picha ya kwenye simu. Na msimu wa kusi, ule upepo wa kusini, mwambieni ale kidogo tu na akae nyuma, chini. Bahari ikichafuka, hata sisi wazaliwa tunanyamaza.

Akifika, jioni apite Forodhani, ile bustani ya Mji Mkongwe panapouzwa vyakula usiku.