Somo: Kupima joto mikroimalsheni ya dawa inapojiunda

Mafuta, sapfaktanti (kitu kama sabuni kinachopatanisha mafuta na maji) na alkoholi vikikutana na maji kwa uwiano unaofaa, matone ya mafuta ya nanomita 10 hadi 100 hutokea bila kutikiswa kwa nguvu: hiyo ndiyo mikroimalsheni. Joto huonekana mara moja, ila sehemu kubwa yake haitokani na matone. Kazi yetu ni kutenganisha joto la matone na joto la vingine.

Andaa themosi ya mdomo mpana, kikorogeo, kipimajoto kinachosoma nyuzi 0.01, koili ya umeme, mizani na sirinji.

1. Changanya etili oleati (mafuta yetu) gramu 0.5, Tween 80 (sapfaktanti yetu) gramu 3.5 na ethanoli (alkoholi yetu) gramu 1. Jaribu tone moja kwenye maji. Yakigeuka rangi ya maziwa, rekebisha uwiano kwanza.

2. Tia maji mililita 100 kwenye themosi, uwashe koili. Volti 6 na ampea 0.5 kwa sekunde 60 ni jouli 180. Halijoto ikipanda nyuzi 0.40, chombo chako kinahitaji jouli 450 kwa kila nyuzi.

3. Sirinji yenye mchanganyiko ikae kwenye maji ya nyuzi 25, sawa na themosi. Usiifumbate kiganjani: gramu 5 zikizidi kwa nyuzi 2 tu, zinaingiza takriban jouli 20 zisizohusika.

4. Andika halijoto kila sekunde 10 kwa dakika 5, sukuma mchanganyiko kwenye themosi, endelea kuandika hadi mstari utulie. Kwenye grafu, refusha mistari yote miwili hadi wakati wa kusukuma, usome tofauti hapo, kisha uizidishe kwa jouli za kila nyuzi ulizopata hatua ya 2.

5. Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo roho ya kipimo. Rudia kwa ethanoli gramu 1 peke yake, kisha kwa Tween 80 peke yake. Ethanoli kwenye maji mengi hutoa takriban kilojouli 10 kwa moli, yaani jouli 220 hivi kwa gramu: karibu nusu nyuzi kwenye themosi yetu! Usipoliondoa joto hilo kwenye jumla, umepima ethanoli tu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nikishaondoa joto la ethanoli na la Tween 80 nabaki karibu na sifuri. Nimekosea?*
Hapana, ndugu. Sapfaktanti imeshusha sana mvutano kati ya mafuta na maji, na kutawanyika kwa matone kunaongeza entropia (kiwango cha mtawanyiko). Hakuhitajiki joto kubwa. Thibitisha matone kwa mtawanyiko wa nuru, yaani kupima ukubwa wake kwa jinsi yanavyotawanya mwanga.

*Chuoni kuna kalorimita ya titresheni, mashine inayopima joto la kila dozi ndogo inayodungwa. Niitumie?*
Itumie, ina usikivu mkubwa zaidi. Ila Tween 80 ni nzito, haitoki sawasawa kwenye sindano nyembamba, na joto la ethanoli laweza kuzidi kipimo cha mashine. Anza na maikrolita 1 kwa kila dozi.

*Dawa inaingia lini?*
Iyeyushe kwenye mchanganyiko kabla ya kusukuma, kisha linganisha na ule usio na dawa. Dawa inayopenda mafuta kama lumefantrini, dawa ya malaria, inafaa kuchunguzwa hivi. Joto likiendelea kutoka muda mrefu baada ya kusukuma, fungua uangalie: huenda dawa inajitenga na kuwa fuwele.