Mzee anaposahau: pima thairoidi kwanza
Mzee akianza kusahau, kuzubaa, kusikia baridi wakati wenzake wanatoka jasho, na choo kuwa kigumu, usikimbilie kusema ni uzee tu. Omba kipimo cha damu cha TSH, homoni inayoiamrisha tezi ya thairoidi kufanya kazi. Ikiwa TSH iko juu na T4 huru (homoni ya tezi hiyo iliyo tayari kutumika mwilini) iko chini, tezi ya thairoidi shingoni imelegea na ubongo unakosa homoni unayoihitaji.

Dawa ni levothairoksini. Kwa mzee, hasa mwenye ugonjwa wa moyo, daktari huanza na maikrogramu 12.5 hadi 25 kwa siku, kisha hupandisha taratibu.

Kidonge kimezwe kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kufungua kinywa. Hapa ndipo wengi huharibu: wanakishushia kwa chai ya maziwa, au wanakichanganya na vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu au dawa ya kiungulia, navyo huizuia dawa isifyonzwe. Viachanishwe kwa saa 4. Rudia TSH baada ya wiki 6 hadi 8. Ukiwahi, majibu yatakudanganya.

Moyo ukienda mbio, mikono ikitetemeka, usingizi ukipotea, huenda dozi imezidi. Kuzidisha hakunoi akili. Huvuruga mapigo ya moyo, na hapo kiharusi hakiko mbali.

Na estrojeni, homoni ya kike, je, hurudisha kumbukumbu? Utafiti wa WHIMS wa Marekani, 2003, ulikuta hatari ya dimenshia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili) ikiongezeka takriban maradufu kwa wanawake wa miaka 65 na zaidi waliopewa estrojeni pamoja na projestini, homoni nyingine ya kike. Kwa umri huo, usiinunue kutafuta kumbukumbu.