Kuchagua vipuri vya kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo

Kompyuta nyingi za gemu za bei nafuu huharibika kwenye karatasi, kabla skrubu ya kwanza haijafungwa. Mtu anaona prosesa iliyopunguzwa bei, anaichukua, anaitafutia madabodi (bodi kuu inayobeba vipuri) ya kuendana nayo, na akifika kwenye kadi ya grafiki mfuko umeshatoboka. Picha ya gemu huchorwa na kadi. Kadi ndiyo inayokula pesa, umeme na nafasi kuliko kipuri kingine chochote, kwa hiyo vingine vyote vichaguliwe kuifuata. Fuata mpangilio huu: skrini, kadi, kisha prosesa pamoja na madabodi na RAM (memori ya muda ya kompyuta), halafu pawa saplai, diski, na mwisho keisi.

Skrini kwanza

Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli zaidi kidogo ya milioni 2. Ya 2560 kwa 1440 ina karibu milioni 3.7, na ya 4K ina milioni 8.3. Kadi huchora kila pikseli kwa kila fremu (picha moja kati ya nyingi zinazopita kila sekunde), kwa hiyo kutoka 1080 hadi 4K unaiongezea mzigo mara nne. Kwa bajeti ndogo baki kwenye 1080, na ukiweza tafuta skrini ya hezi 144 (inayobadili picha mara 144 kwa sekunde) inayokubali FreeSync, ambayo husubiri fremu ikamilike badala ya kuonyesha vipande vya fremu mbili kwa wakati mmoja. Kama skrini yako ni ya hezi 60, kadi ya kutoa fremu 140 kwa sekunde haitakuonyesha zaidi ya fremu 60. Tofauti ya bei kati ya kadi hiyo na ya kawaida ingenunua skrini bora.

Kadi ya grafiki

Tenga asilimia 35 hadi 45 ya bajeti, bila kuhesabu skrini. Chini ya hapo utacheza kwa kubana mipangilio. Juu sana ya hapo utaanza kupunja pawa saplai, na hilo ni baya zaidi.

Kabla ya kulinganisha kasi, tazama memori ya kadi. Kwa gemu mpya za 1080, GB 8 ndicho kiwango cha chini tunachokishauri. Memori ikijaa, kadi huanza kuazima nafasi kwenye RAM kupitia njia ya PCIe, inayounganisha kadi na madabodi, ambayo ni ya polepole mno kwa kazi hiyo. Hapo wastani wa fremu unaweza kuonekana mzuri, lakini gemu inakwama kila ukigeuka, na kuta na nguo za wahusika zinatokea zikiwa na ukungu. Kadi ya GB 4 inafaa gemu nyepesi za mashindano kama Valorant au Counter-Strike 2, si zaidi ya hapo.

Radeon RX 6600 ina GB 8, inakula wati 132 na inahitaji waya mmoja tu wa pini 8. Kwa 1080 bado ni chaguo la busara. GeForce RTX 4060 nayo ina GB 8, inakula wati 115, na ina DLSS, teknolojia ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza bila kuiharibu sana. Intel Arc B580 ina GB 12 kwa wati 190, lakini inategemea kipengele cha Resizable BAR, kinachoiruhusu prosesa kufikia memori yote ya kadi kwa pamoja, kiwashwe kwenye BIOS (programu ya madabodi inayoanzisha kompyuta). Kwenye mashine ya zamani isiyo na kipengele hicho inapoteza nguvu nyingi, kwa hiyo usiinunue kwa ajili ya mashine hiyo.

Jihadhari na majina yanayofanana. RTX 3060 ipo ya GB 12 na ya GB 8, na ile ya GB 8 ina njia nyembamba ya memori, biti 128 badala ya 192, hivyo ni dhaifu hata pale ambapo memori haijajaa. RTX 3050 ipo ya GB 8 na ya GB 6; ya GB 6 ni ya chini zaidi, ingawa ina faida moja: inakula wati 70 na haihitaji waya wa ziada. RX 6500 XT ina GB 4 na hutumia njia 4 tu za PCIe, hivyo kwenye madabodi ya PCIe 3.0 inaporomoka vibaya. Ikiachwa rafuni hakuna utakachokosa.

Kadi ya mtumba inaweza kukuokolea pesa nyingi, mradi uione ikifanya kazi. Ichunguze hivi: angalia kama pini za dhahabu zimeungua au zimekwaruzwa, zungusha feni kwa kidole usikilize kama inakwaruza, kisha ifungwe kwenye mashine. Fungua programu ya GPU-Z usome jina la chipu na ukubwa wa memori. Kuna kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijiite za kisasa, na GPU-Z hutambua nyingi kati ya hizo. Baada ya hapo iendeshe FurMark (programu ya kuipa kadi mzigo mzito) au gemu nzito kwa dakika 15 hadi 20. Vidoa vya rangi, mistari au skrini kuwa nyeusi ni dalili za memori au chipu inayokufa, na hazitibiki kwa draiva. Joto kali peke yake ni tatizo dogo. Mara nyingi ni pesti ya kupitisha joto kati ya chipu na kipoza iliyokauka. Muuzaji akikataa jaribio, ondoka.

Prosesa, madabodi na RAM ni kifurushi kimoja

Usivichague kimoja kimoja. Soketi, yaani tundu la prosesa, huamua madabodi, na madabodi huamua aina ya RAM. DDR4 na DDR5, vizazi viwili vya RAM, zina pengo mahali tofauti, kwa hiyo moja haiingii kwenye tundu la nyingine hata ukiisukuma.

Kwa pesa kidogo, njia mbili za DDR4 bado zinafaa. Ya kwanza ni Ryzen 5 5600 kwenye soketi ya AM4: kori 6 (vitengo vya kazi), nyuzi 12 (kazi zinazoendeshwa kwa pamoja), na memori ya ndani (kache) ya MB 32. Isichanganywe na Ryzen 5 5500, yenye MB 16 na PCIe 3.0 tu, ambayo huachwa nyuma kwenye gemu nyingi ingawa idadi ya kori ni ileile. Njia ya pili ni Core i5-12400F kwenye LGA1700, nayo ikiwa na kori 6 na nyuzi 12. Herufi F maana yake haina grafiki ya ndani: bila kadi, skrini haitawaka. Ukipanga kununua kadi baadaye, chukua 12400 isiyo na F, au Ryzen 5 5600G, ukijua kuwa hiyo ya pili nayo ina MB 16.

AM5 huanza ghali zaidi kwa sababu inakubali DDR5 peke yake, lakini AMD imeahidi kuiendeleza soketi hiyo hadi 2027 na kuendelea. AM4 na LGA1700 zimefika mwisho wa safari, na ukitaka prosesa ya kizazi kipya utabadilisha madabodi pia. Bei za RAM zilipanda sana mwishoni mwa 2025, kwa hiyo piga hesabu ya kifurushi kizima kwa bei ya siku hiyo.

Kosa linalorudisha madabodi nyingi dukani ni BIOS ya zamani. Madabodi ya B450, na hata B550 za mwanzo, zinaweza kutoka kiwandani bila kuitambua Ryzen 5 5600. Feni zinazunguka, skrini haionyeshi kitu, na mnunuzi anaamini prosesa ni mbovu. Muulize muuzaji toleo la BIOS, au chagua madabodi yenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa.

Kwa RAM, nunua GB 16 katika vijiti viwili vya GB 8. Kijiti kimoja cha GB 16 hutumia njia moja badala ya mbili, na prosesa hupata nusu ya upana wa kusafirisha data. Kwa DDR4, kasi ya 3200 yenye CL16 (kipimo cha kuchelewa kujibu) inatosha.

Kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini, mathalani yenye Core i5-8500, ni njia ya mkato nzuri, ikiwa na masharti. Dell OptiPlex na HP EliteDesk nyingi zina pawa saplai za umbo na plagi za pekee, zisizo na waya wa kadi. Pima kwanza: kama keisi ni nyembamba, inahitaji kadi fupi ya kimo cha chini, na kadi iwe isiyohitaji waya, kwa sababu tundu la PCIe hutoa wati 75 tu. RTX 3050 ya GB 6 ndiyo inayokaa hapo vizuri.

Pawa saplai: hapa usibane

Hiki ndicho kipuri pekee kinachoweza kuua vingine vyote. Anza na hesabu. RX 6600 wati 132, Ryzen 5 5600 hadi wati 76, na wati 50 kwa madabodi, RAM, diski na feni: jumla karibu 260. Kadi hupandisha umeme ghafla kwa sehemu ndogo ya sekunde, kwa hiyo pawa saplai ya wati 500 au 550 inaacha nafasi ya kutosha bila kupita kiasi.

Usiiamini namba kubwa iliyoandikwa ubavuni. Soma jedwali kwenye lebo, safu ya volti 12, maana prosesa na kadi hula hapo. Zidisha ampea kwa 12. Ampea 45 ni wati 540, hiyo ni ya kweli. Ikiwa imeandikwa 500 lakini safu ya volti 12 ina ampea 25, umenunua wati 300. Alama ya 80 Plus Bronze inakuambia kuhusu upotevu wa umeme; haisemi lolote kuhusu kinga dhidi ya shoti au mzigo kupita kiasi, ambazo ziandikwe kwenye maelezo ya bidhaa.

Kama nyuma ina swichi nyekundu ya 115 na 230, iweke 230 kabla ya kuchomeka penye umeme wa volti 220 hadi 240. Ikiachwa kwenye 115 inapasuka papo hapo. Usitumie adapta ya kugeuza waya wa SATA (wa kuipa diski umeme) kuwa wa kadi: plagi ya SATA imepimwa kubeba wati 54 tu za volti 12, na plastiki yake huyeyuka. Na usichanganye nyaya za pawa saplai mbili tofauti hata kama plagi zinaingia, kwa sababu mpangilio wa pini upande wa pawa saplai hauna kanuni moja.

Diski, feni na keisi

SSD ya NVMe (diski ya kasi inayotumia njia ya PCIe) ya TB 1 inafaa, maana gemu kadhaa zimepita GB 100 kila moja. M.2 ni umbo tu la SSD za kijiti: mbali na za NVMe kuna M.2 za SATA, zilizo polepole zaidi, na baadhi ya matundu hayazikubali. Prosesa za boksi nilizotaja huja na feni yake, lakini zinazouzwa zikiwa tupu hazina. Keisi iwe na wavu mbele, feni moja ya kuingiza hewa na moja ya kutoa, na urefu wa kadi uwe umepimwa. Vioo na taa havipozi chochote.

Siku ya kuwasha

Waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi, si kwenye madabodi. Kwenye madabodi ya matundu manne, RAM ikae tundu la pili na la nne kuhesabu kutoka kwa prosesa. Usisahau waya wa pini 8 wa prosesa, juu kushoto mwa madabodi. Ndani ya BIOS washa XMP, mpangilio wa kasi kamili ya RAM, la sivyo RAM ya 3200 itakimbia 2133 au 2666, kisha washa Resizable BAR. Kwenye Windows nenda mipangilio ya skrini uchague hezi 144, kwa kuwa mara nyingi huanza na 60.

Cheza gemu nzito nusu saa ukitazama vipimo vya fremu, joto, memori na kazi ya kadi. Kompyuta ikizima ghafla bila onyo, shuku pawa saplai. Fremu zikishuka polepole kadiri muda unavyokwenda, ni joto. Ikikwama mara kwa mara huku memori ya kadi imejaa, punguza ubora wa teksta (picha zinazofunika kuta na vitu) kabla ya kitu kingine chochote. Kadi ikifanya kazi chini ya asilimia 70 wakati fremu ni chache na hujaweka kikomo cha fremu, prosesa ndiyo inayoichelewesha, na hapo unaweza kupandisha ubora wa picha bila kupoteza fremu.